Anayechekwa na Uwanja wa Kujibu: Utangulizi wa Masomo ya Wimbo na Kichekesho Usukumani

Pamba ikishapimwa na nafaka ikishaingia ghalani, watu wa Simiyu hupata nafasi ya mbina, yaani ngoma. Kati ya Juni na Agosti hivi, kuanzia Bariadi hadi Maswa, Meatu, Itilima na Busega, vikundi viwili vya ngoma hukutanishwa uwanja mmoja kushindana, kimoja cha Wagika na kingine cha Wagalu. Vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na manju wake (mtunzi na kiongozi wa nyimbo), nyimbo zake mpya na vituko vyake, na katikati umesimama umati. Hakuna jaji wa kuandika alama. Watu wakivutiwa na upande mmoja wanahamia huko. Upande wa pili ukibuni jambo, wanarudi mbio. Kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda, na shughuli yenyewe inaweza kuchukua siku kadhaa.

Utangulizi huu ni wa mwanafunzi anayetaka kujua kuna nini cha kusoma katika uwanja ule, mbali na raha yake. Fani ninayomkaribisha inachunguza maonyesho yanayounganisha wimbo, uchezaji na kichekesho, na inauliza jinsi yanavyowachora watu: mke, mzee, mgeni, ofisa, tajiri, mtu wa shamba. Kwa kawaida mwanafunzi wetu hupelekwa kwanza Hollywood, kwenye filamu za nyimbo na vichekesho za miaka ya 1930 hadi 1950, na muda ukibaki ndipo anaambiwa kwamba kwao nako kuna kitu. Nami nitampeleka Hollywood, kwa sababu kule kuna kazi nzuri mno za kujifunzia macho. Lakini ninaamini kabisa kwamba swali kubwa la fani hii huonekana vizuri zaidi mtu akiwa amesimama Bariadi. Anayeigizwa na kuchekwa, je, ana uwanja wa kujibu?

Tuanze na filamu ya mwaka 1952, Singin' in the Rain, iliyoongozwa na Gene Kelly na Stanley Donen. Kisa chake kimewekwa mwaka 1927, wakati filamu za kimya zinaanza kutoa sauti. Lina Lamont ni nyota mwenye sura ya kupendeza na sauti ya kukwaruza masikio, kwa hiyo kampuni inamtumia msichana asiyejulikana, Kathy Selden, aseme na kuimba badala yake. Mwishoni Lina yuko mbele ya watu akifungua na kufumba mdomo, Kathy anaimba nyuma ya pazia, na wanaume watatu wanashika kamba na kulivuta pazia juu. Ukumbi mzima unacheka.

Itazame sehemu hiyo mara ya pili, polepole. Kicheko kinamwangukia nani? Waliobuni udanganyifu ule na mwenye kampuni aliyeuidhinisha ndio walioshika kamba; anayetimua mbio kwa aibu ni mwanamke mwenye sauti mbaya. Wala Lina hakupewa wimbo hata mmoja wa kueleza upande wake. Kuna zaidi. Debbie Reynolds, aliyecheza Kathy, naye aliimbiwa baadhi ya nyimbo na Betty Noyes, mwimbaji ambaye jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya washiriki. Filamu inayotetea haki ya mwanamke mmoja kumiliki sauti yake ikaificha sauti ya mwanamke mwingine. Ninaipenda filamu hii, na ninaifundisha kwa sababu ninaipenda. Msomaji asidhani kwamba kuuliza maswali ya namna hii ni kuichukia kazi.

Upande wa rangi, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 1927 Al Jolson aliimba katika The Jazz Singer akiwa amejipaka uso rangi nyeusi. Mwaka 1936, katika Swing Time, Fred Astaire alijipaka vilevile ili kumuenzi Bill Robinson, mchezaji Mweusi ambaye wakati huo alikuwa hai na akiigiza filamu mwenyewe. Katika miaka ya 1940 kampuni ya MGM ilimwajiri Lena Horne, mwimbaji Mweusi mwenye sauti na sura zilizompa heshima kubwa, lakini katika filamu nyingi nyimbo zake zilipangwa zisimame peke yake, zisiguse kisa, ili kumbi za majimbo ya kusini ziweze kuzikata bila filamu kuharibika. Hebu fikiria kazi ya fundi wa kukata filamu pale: alikuwa anamtoa mtu ndani ya hadithi ya nchi yake, na hadithi inaendelea kana kwamba hakuwahi kuwamo. Wamarekani Weusi waliandika, waligoma, walitengeneza filamu zao wenyewe. Ila katika ukumbi ule ule, mbele ya umati ule ule, siku ile ile, hawakuwa na namna ya kumjibu Jolson.

Sisi tulichorwa pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili chini ya utawala wa kikoloni. Mojawapo, Muhogo Mchungu, ni kichekesho cha mtu wa shamba anayefika mjini akatapeliwa na wajanja. Rashidi Kawawa aliigiza katika filamu za mkondo huo kabla ya siasa kumchukua; kufikia 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Serikali ya wakati huo ilikuwa na sababu zake za kutaka kijana wa shamba aogope mji. Wakoloni wameondoka, mshamba akabaki. Katika vichekesho vyetu vya redio, televisheni na simu, mara nyingi huyo mshamba anazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma, ana fimbo, ana baiskeli, na hajui kutumia lifti. Simiyu ni mkoa wa watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022, mkoa ambao pamba yake imelisha hazina ya taifa kwa miongo mingi, na mtoto wa Bariadi anakua akijifunza kutoka kwenye skrini kwamba lafudhi ya mama yake ni kichekesho.

Hapo wengi watanijibu kwamba huo ni utani tu. Jibu hilo ninalichukua kwa uzito, kwa kuwa utani ni mojawapo ya mambo yenye akili nyingi ambayo jamii zetu zimebuni. Wanyamwezi na Wasukuma wana watani wao, wakiwamo wa makabila ya pwani, na utani mwingi wa namna hiyo ulikua katika njia za misafara ya karne ya 19. Lakini utani una masharti. Mtani anayekutania sokoni ndiye anayefika msibani, anashika shughuli, anawachekesha wafiwa walipozidiwa na majonzi. Na wewe una haki ileile ya kumtania, na wajibu uleule siku yake ikifika. Mwandishi wa kichekesho cha Dar es Salaam anayeuza lafudhi ya Kisukuma hafiki msibani Itilima, wala mkulima wa Itilima hana kipindi cha kumwigiza. Kwa hiyo utani una kipimo tunachoweza kukitumia popote, hata kwa Jolson na Astaire: anayecheka anadaiwa nini na anayechekwa? Sijakiona kipimo bora kuliko hicho katika vitabu vya nadharia nilivyosoma, na ningependa mwanafunzi wa Simiyu akitumie bila kuona haya.

Turudi uwanjani. Mapokeo ya Usukuma yanawataja waganga wawili mahiri wa ngoma, Ngika na Gumha, walioshindana katika karne ya 19, na yanasema kwamba wafuasi wao ndio chimbuko la Wagika na Wagalu. Uanachama ulikuwa na dawa zake, miiko yake na mafunzo yake. Hadi leo mtu atakuambia kikundi fulani kimeshinda kwa sababu dawa yake ya mvuto ni kali. Chini ya pande hizo mbili zimekuwapo ngoma nyingi, kila moja na kazi yake: ya wawinda nungu, ya mafundi wa nyoka ambao hucheza na chatu mabegani, wigashe ambayo waimbaji wake hukaa chini na kuimba mambo ya nchi, na bugobogobo, ngoma ya jembe.

Mtazame mchezaji wa bugobogobo. Ana njuga miguuni na jembe mkononi, na mwili wake umeinama kama mtu aliye shambani hasa. Ngoma kubwa inalia, mguu unapiga chini, vumbi linapanda hadi magotini. Mara analirusha jembe juu. Linazunguka hewani, chuma kinamulika jua, naye hatazami juu. Anageuka, anapiga hatua mbili, analidaka kwenye mpini na kuendelea na mdundo palepale ulipokuwa. Umati unapiga mayowe. Alichokionyesha ni kazi ya kila siku ya mkulima wa pamba, kazi ambayo mgeni anaiona kuwa ya dhiki, ikiwa imegeuzwa kuwa ustadi na fahari. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha 2010, amekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma kwa mamia na kueleza vikundi vya kulima kwa zamu vilivyozizaa. Msomaji wa kitabu hicho huona upesi kwamba jembe, uwanja na wimbo ni mfumo mmoja: kikundi kilicholima pamoja msimu wa mvua ndicho kinachocheza pamoja msimu wa kiangazi.

Kichekesho chenyewe kinatumia kila kilichopo. Zimehifadhiwa sanamu za mbao zenye viungo vya kuchezeshwa, ambazo vikundi vilizitoa uwanjani ili kuwashtua watu na kuwachekesha. Wageni wenye vyeo waliigizwa mwendo na mavazi. Katika jambo hili Usukuma haukuwa peke yake. Terence Ranger alionyesha mwaka 1975, katika utafiti wake wa beni, jinsi ngoma hiyo ilivyotoka pwani ya Kenya ikasambaa Afrika Mashariki, na wachezaji wakajipa vyeo vya kijeshi na sare, wakigawanyika pande mbili shindani, Marini na Arinoti. Watu waliotawaliwa waliwachora watawala wao. Hiyo ni sura ya uigizaji ambayo wanafunzi wa Hollywood hawaikuti mara nyingi, yaani mnyonge akimwigiza mwenye nguvu.

Kwangu, hata hivyo, jambo kuu ni mpangilio wa uwanja. Manju wa Wagika akimwimba manju wa Wagalu kwamba ni mvivu, ameshindwa kulisha familia, sauti yake imechakaa, aliyeimbwa yuko hatua mia moja tu kutoka hapo, ana ngoma zake, na umati unamsikia. Atajibu kabla jua halijazama. Akijibu vizuri, watu watamhamia. Mzaha usio na kweli ndani yake hauvuti watu muda mrefu, kwa sababu watu wanamfahamu anayesemwa. Pazia la Singin' in the Rain linavutwa na upande mmoja tu. Bariadi hakuna pazia.

Laiti ningeweza kuishia hapo na kusema Usukuma umetatua tatizo. Wapo wasio na ngoma upande wa pili. Mamanju wa mashindano makubwa kwa kawaida wamekuwa wanaume, na wanawake wanaocheza kwa ustadi mkubwa mara nyingi wameimba maneno waliyotungiwa. Wana viwanja vyao: harusi, kazi za kulima na kutwanga, na sherehe za mapacha, ambamo desturi inawaruhusu kuimba mambo ya mwili kwa ukali usioruhusiwa siku nyingine. Lakini wimbo wa wanaume juu ya mke mchoyo unaimbwa mbele ya wilaya nzima, na jibu la wake linaimbwa uani. Mwanafunzi anayekusanya nyimbo za uwanjani bila kuingia uani anarudi nyumbani na nusu ya mazungumzo.

Na yuko bibi mwenye macho mekundu. Macho hayo yameharibiwa na moshi wa jikoni, moshi wa miaka ya kupika kwa kuni, mabua na samadi ya ng'ombe. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Simiyu ikiwamo, vikongwe wenye macho kama hayo wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Taarifa za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeandika mauaji hayo, kama zilivyoandika mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Sisemi kwamba wimbo huua. Ninasema kwamba mtu aliyechorwa hivyo hivyo kila mara, katika ngano, katika kichekesho na katika filamu zetu za video, kama kikongwe wa kutisha na kuchekesha kwa pamoja, huwa amekwisha kuhukumiwa kabla hajashtakiwa. Kikundi kikimtoa kizee mchawi uwanjani na watu wakicheka, ni bibi gani atakayesimama kujibu, na kwa ngoma ipi? Fani hii isipoweza kulikabili swali hilo, haina haki ya kuwasema Hollywood.

Serikali nayo iliingia uwanjani. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuwa Rais, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni, na kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa muda mfupi baadaye. Bugobogobo ikapanda jukwaani, ikawapokea wageni kwenye viwanja vya ndege, ikafundishwa shuleni hadi mikoa ambayo haijawahi kuona shamba la pamba. Hilo liliwapa Wasukuma heshima, na sitaki kulipunguza. Lakini ngoma ya siku kadhaa ilifupishwa kuwa ya dakika chache, mpinzani akaondolewa, na maneno makali yakapisha sifa. Elias Songoyi, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1988, aliwaweka bega kwa bega waimbaji wawili: Mwinamila, aliyeimba sambamba na dola, na Kalikali, aliyeikosoa. Kazi hiyo ingali mlango mzuri wa kuingilia kwa yeyote anayetaka kujua gharama ya kuimba. Vikundi vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980 na 1990, kama Muungano, Mandela na baadaye TOT iliyoanzishwa 1992, viliendeleza mtindo wa usiku mmoja wenye ngoma, kichekesho, sarakasi, taarabu na mchezo wa kuigiza. Kama Tanzania ina kitu kinachofanana na filamu za nyimbo na vichekesho za Hollywood, ni usiku ule wa ukumbi wa baa, tiketi mkononi, familia nzima mezani.

Njia nyingine ilijaribiwa karibu zaidi na Simiyu. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama, walikwenda Malya, wilayani Kwimba, jirani na Maswa. Hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na vijana na wazee, wakachimba matatizo ya kijiji, mimba za wasichana wa shule zikiwa miongoni mwake, wakayaweka katika ngoma na maigizo ya pale pale, na onyesho lilipokwisha watu wakabaki kujadiliana. Mlama ameyaeleza katika kitabu chake cha 1991. Ninachokipenda Malya ni kwamba mjadala ulihesabiwa kuwa sehemu ya onyesho. Msichana aliyechorwa alikuwa na mahali pa kusema kwamba sivyo.

Usije ukadhani watazamaji ni vyombo vitupu vya kujazwa picha za wengine. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 juu ya sinema nchini, ameonyesha jinsi watazamaji wa miji yetu walivyozipenda filamu za Kihindi zenye nyimbo na vichekesho, wakazijadili majumbani na kuzitumia kufikiria mapenzi, wazazi na pesa kwa hesabu zao wenyewe. Umati wa Bariadi nao huchagua. Unapoandika kwamba wimbo fulani unasema hivi, umeandika nusu tu. Andika pia watu walifanya nini uliposikika.

Kwa anayeanza, nina ushauri wa kazi. Jifunze Kisukuma, na si kile cha salamu tu, maana mafumbo ya mamanju yanawapita hata vijana waliozaliwa Bariadi mjini. Usikusanye wimbo mmoja mmoja. Kusanya jozi, wimbo na jibu lake, na utafute aliyeimbwa umsikilize. Simu sasa ziko kila mahali na rekodi za mashindano zinafika Dar es Salaam kabla vumbi halijatua, zikiwa zimekatwa kipande kimoja bila jibu lake. Huo ni utafiti unaosubiri mtu: mzaha uliotungwa kujibiwa unabadilika vipi ukisafiri peke yake? Omba ruhusa kwa manju kabla hujarekodi, mrudishie nakala, na jina lake liandikwe pale Betty Noyes alipokosa lake.

Kama huwezi kufika Simiyu, nenda Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, ambako Padre David Clement alianzisha kituo na makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1950. Sherehe ya Bulabo, wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, huwakutanisha Wagika na Wagalu hadi leo. Kama unaweza kufika, fika Juni. Simama katikati ya uwanja, si upande wa mwenyeji wako. Umati ukihama, hama nao, andika saa na kilichouhamisha. Kisha andika ni nani alikuwa akiimbwa wakati huo, na kama alikuwapo.